Usiinue Kidole, Mama

...na wala usiinue, mama, hata nzi akikutulia puani, ndivyo alivyoniambia, na nzi kweli kaja, kana kwamba alikuwa anatusikiliza, kazunguka ukingo wa kibakuli cha chai, kaonja, hakupenda, sasa anapanda mkono wangu wa kushoto, huuhuu ulioshika kitufe, na mimi namtazama tu kama mtu aliyefungwa kamba, mimi Hosiyat, ninayeua nzi kwa ncha ya kitambaa cha kichwa bila kukatiza hadithi, leo nimewekwa lindo kama askari wa lango, kidole kimoja, cha shahada, juu ya kitufe cha pembeni kabisa, cha chini, na kidole kimoja hakivunji chawa, wahenga walisema, lakini wahenga hawakukalishwa mbele ya kompyuta na mke wa mtoto wao... Mohira kakaa ubavuni mwangu hapa kwenye kitanda cha uani, chini ya mzabibu, mtoto kamlaza mkono wa kushoto ananyonya, mkono wa kulia umeshika kipanya, mikono imemwishia, ndiyo maana nimeitwa mimi, si kwa heshima, kwa uhaba wa mikono, ingawa kwa sauti ya heshima, "Mama, niazime kidole kimoja tu," kama mtu anayeazima chumvi, nami nikasema kidole ninacho, chukua, sikuuliza cha nini, nani huuliza akiombwa kidole, na sasa nimeshaelewa cha nini, na kuelewa ndiko kunakonichoma, maana hapo kwenye kioo pamefunguka kidirisha, kivinjari ndicho kimekifungua, picha zote alizopiga kwa simu zimejipanga humo kwenye viraba kama mikate juu ya kitambaa cha wageni, akibonyeza moja inageuka samawati, akibonyeza ya pili nayo inageuka samawati na ya kwanza inabaki, inabaki kwa sababu mimi nimeshikilia, nikiachia kidogo tu, yeye akabonyeza inayofuata, zote za nyuma zinaanguka, inabaki hiyo moja ya mwisho imekaa peke yake kama mjane, kanionyesha mwenyewe, "Ona mama, achia... umeona? Haya shika tena, tuanze upya," na mtoto akacheka, sijui kacheka nini, hana umri wa kuicheka kompyuta. Kwa hiyo majira yote ya baridi ya nyumba hii yako chini ya ncha ya kidole changu, nikiinua hakuna atakayejua, nitasema nzi, nitasema baridi yabisi, nani atamlaumu bibi kizee kwa baridi yabisi, na ukurasa wenyewe unafungwa adhuhuri, wamesema hivyo watu wa Bukhara, ikifika adhuhuri ya leo hawapokei tena cha mtu, na kivuli cha nguzo ya mzabibu kimeshafika miguuni kwangu, kinanifuata kama paka aliyesikia harufu ya maziwa...

Watu wa Bukhara, hata siwajui sura, wana nyumba ya ufundi huko kwao, wanachagua wanawake wenye mkono mzuri wa kudarizi wakae nao majira yote ya baridi, wafundishwe, wafundishane, watoke na cheti cha ualimu wa sindano, mwenye mtoto aje na mtoto, chumba kipo, jiko lipo, wamefikiria kila kitu isipokuwa mama mkwe, mama mkwe hana chumba, mama mkwe abaki hapa Nurota na theluji yake na paka wake na Saodat wa ng'ambo ya njia, "Si bado hawajanichagua, mama," Mohira husema kila nikinuna, "wataangalia kazi kwanza," na hapo ndipo penye balaa, kazi nimeiona mimi, nimeshika sindano tangu meno yangu ya maziwa hayajang'oka, najua watakachokiona, wakiwa na macho watamchukua, na wakimchukua nani ataniinamia mlangoni asubuhi, nani atafagia ua kabla ya jua ili Saodat akichungulia akose la kusema, nani nitamwambia chai yako leo nyepesi kama machozi ya mamba, paka? Paka nikimsema anaondoka. Mohira nikimsema anasema "samahani mama" halafu kesho analeta chai nyepesi vilevile, huyo ndiye mtu wa kuishi naye...

"Umechoka, mama?" ananiuliza bila kugeuza shingo, nasema sijachoka, bonyeza, kwani nimebeba gunia, anasema "Natafuta ile ya kofia, sijui nimeiweka wapi," na mshale unatembea juu ya viraba polepole, unapita bila kugusa, mpaka sasa samawati ni moja tu, ya kwangu, pazia langu la arusi, kaanza nalo tena, kwanza kabisa, kama alivyoanza Jumanne, na Jumanne nilimnunia kwa haki yangu, jicho langu liliona lilichoona, kwetu sisi mkate wa kwanza huwekwa mbele ya mkubwa, mmoja, kwa mikono miwili, ndipo wa pili, ndipo wa tatu, humwagi mikate kitambaani kama unamlisha punda, na Mohira kalelewa, hilo sitamnyima hata nikiwa na hasira, basi Jumanne akabonyeza pale palipoandikwa Chagua Faili, akaingia kabatini humo akatoka na pazia langu, jina lake nikaliona kwa macho yangu limekaa kwenye ukurasa, Mama wa Kwanza, kalipa jina hilo mwenyewe, moyo ukanivimba kama unga uliowekwa hamira, nikaenda jikoni kuepua maziwa, kurudi namkuta kabonyeza tena Chagua Faili kaleta foronya, kabonyeza tena kaleta mkoba, na pale kwenye ukurasa jina ni moja tu, Mkoba, mimi sipo, pazia nalo halipo, nikasema ahaa, kumbe, mbele ya uso wangu ananiweka kichwani, nikigeuka ananitoa na taka, sikusema neno, na mimi nikinyamaza ujue kuna jambo, nikajitanda nikavuka njia kwa Saodat nikamwambia, shoga, mke wa Bahrom kanifuta kwenye kompyuta, nikamwambia usimwambie mtu, yaani kama mtu anayemwambia kuku usichakure, na kabla tanuri la mwoka mikate halijapoa mtaa mzima ulikuwa na habari, wakaja na nyuso ndefu kunipa pole, mmoja kaleta halua, halua! kama nimezikwa na mtu wangu, na halua ilikuwa nzuri, niliila yote, sikumpa Mohira hata ya kuonja...

Halafu jana wakapiga simu wale wa Bukhara, mwanamke mwenye sauti ya puani, simu ikawekwa sauti kubwa kwa sababu Mohira alikuwa anakanda unga, "Dada yangu, tumepokea picha moja tu, ya mkoba, kazi yako yote ni mkoba mmoja?" na Mohira akasimama na unga mikononi kama mtu aliyevaa glovu nyeupe, uso umemkauka, "Lakini nimeweka zote, nimeziweka moja moja, ya mama mkwe wangu ndiyo niliyoanza nayo," na yule kule, "Haijatufika, dada, jaribu tena, mwisho ni kesho adhuhuri," na mimi nimesimama nyuma ya mlango, nilikuwa napita tu, nikasikia hilo neno, ndiyo niliyoanza nayo, nikaenda kuosha sahani ya halua ya watu. Mohira alikaa na hiyo kompyuta mchana kutwa, mwanangu Bahrom aliituma kutoka Urusi kwa rafiki yake aliyekuwa anarudi nyumbani, ili amwone mtoto usoni, alijaribu hivi akajaribu vile, mwisho akapiga kofi paja lake mwenyewe, "Nimejua mama! Kila nikibonyeza Chagua Faili upya kinadhani nimebadili mawazo, kinatupa nilichokuwa nimeshika kinachukua kipya," na mimi nikawaza, mshika mbili moja humponyoka, hiki kitu kimesomea chuo cha wahenga, hakijumlishi, hakikumbuki ulichokipa mara ya kwanza, ukitaka ziende pamoja sharti uzishike pamoja, mara moja, humohumo kabatini kabla hujatoka mlangoni, kumbe adabu ndiyo iliyonitupa nje, mkaza mwana asiyelelewa angezoa zote mkupuo mmoja kama shehena ya punda na zote zingefika, wa kwangu kaniweka kwa mikono miwili, kwanza, peke yangu, ndipo kila aliyekuja nyuma yangu akanisukuma. Sikumwambia habari za halua. Nilimwambia tu, unga wako unaumuka huko, utamwagika.

"Hii hapa kofia," anasema, na kofia inageuka samawati, na mimi nimebonyeza, pazia halikuanguka, lipo, nimelitazama lipo, kofia ya Bahrom ile yenye nakshi ya pilipili nne, Mohira aliidarizi wakati wa uchumba kabla hata hajaruhusiwa kumtazama vizuri, ikawa kubwa, inamshuka mpaka nyusi, mtoto wa watu hakuwahi kuivua wiki nzima, nikajua huyu kapatikana... na foronya, samawati, na mkoba, huo mkoba, kajiona yeye ndiye bwana harusi, samawati, na kitambaa cha kufunikia susu ya mtoto, huyu huyu Oysha anayeninyonyea kando ya kiwiko na kunipiga teke la mbavu kila akimeza, nikisogea mbavu kidole nacho kitasogea, nipige tu mjukuu wangu, piga, bibi yako leo ni nguzo. Na leo asubuhi kulikuwa na kisa kingine, alikuwa keshakamilisha kila kitu akiwa peke yake, kanibandika mimi kando nimenya karoti, akasahau kujaza namba ya simu, akabonyeza Tuma, ukurasa ukamrudia, rekebisha hapa penye wekundu, na kila kitu kipo, jina lake, mtaa wetu, jina la mume, mpaka tarehe ya kuzaliwa, ila pale pa picha pameandikwa hakuna faili lililochaguliwa, patupu, safi, kama sahani iliyolambwa, nikasema mbona jina la Bahrom wamelikumbuka na pazia langu wamelisahau, wana nini na mimi hawa, akacheka, mara ya kwanza anacheka tangu jana, akasema "Hawana kitu mama, kivinjari ndicho kinachokataa. Ukurasa hauna ruhusa ya kuingia kwenye kompyuta yetu ukachukua picha wenyewe, hata ile uliyokuwa nayo dakika iliyopita. Kila mara lazima mwenye nyumba aitoe kwa mkono wake," nikasema rudia, akarudia, nikasema na wale wa Bukhara sasa hivi wanaona nini humu ndani, akasema "Hawaoni kitu, hiki kidirisha ni chetu, tunaona mimi na wewe na kivinjari tu, tukishachagua ndipo wanaona tulizochagua, na hata hizo hawaambiwi tumezitoa kabati gani, wakiuliza njia kivinjari kinawatajia njia ya uongo," ya uongo! nikaweka kisu chini nikacheka mpaka karoti zikabingirika, nimekipenda, nimekipenda kabisa, mshenga kama huyo sijapata kumwona, anaingia ndani, anaona kila kitu, vyungu vilivyopasuka na picha za watu na barua za Bahrom na ile picha yangu mbaya nikiwa nimelala mdomo wazi ambayo Mohira anadhani siijui, anaona yote, halafu anatoka nje anakabidhi alichopewa na anafunga mdomo, akibanwa anadanganya kwa ajili ya heshima ya nyumba... mimi nilipokwenda kumposa huyu Mohira niliona birika lililounganishwa kwa waya, nikamwona babu yake kafungiwa chumba cha nyuma anaimba, nikaona zulia limegeuzwa upande ili kuficha pengo, na kabla sijavua viatu nyumbani Saodat alikuwa anajua idadi ya nyuzi za zulia, nikamchukua binti hata hivyo, nisemeje, nilimpenda alivyonimiminia chai, kidogo, vijiko viwili vitatu, ndiyo heshima, kibakuli kikijaa maana yake kunywa uondoke, na mpaka leo Saodat akija hapa Mohira humjazia hadi ukingoni, kwa tabasamu, huyo binti ana akili kuliko umri wake.

"Hosiyat! Hosiyat we!" huyo, nimemtaja tu, ukimtaja mbwa shika fimbo, yuko langoni, kichwa kimeingia mwili uko njiani, "Njoo uone, njoo haraka, gari limesimama kwa Inoyat, wanashusha masinia, posa hiyo, posa!" kwa Inoyat! posa! na binti yake yule aliyekataa watu mpaka watu wakaacha kupita njia ile, nilisema mimi, nilisema tangu majani ya mzabibu huu hayajatoka kwamba yule binti ana mtu, nikaitwa mzushi, na sasa masinia yanashuka bila mimi kuyahesabu, miguu yangu imeshashuka kitandani, naapa, imeshavaa kiatu kimoja, mwili wote umeondoka umebaki mkono, "Siwezi!" nampigia kelele, "nimeshika!" "Umeshika nini?" "Kompyuta!" "Kompyuta inashikwa kama ng'ombe? Ifunge kamba uje!" na Mohira anauma mdomo asicheke, mabega yanamtetemeka, mtoto anatetemeka naye, "Mama kama unataka kwenda nenda," ananong'ona, "nitajaribu kwa mkono mmoja," na nauona mkono mmoja, nauona mtoto, nakiona kivuli cha nguzo kimepanda kwenye goti langu, "Si ndiyo hiyohiyo iliyokufuta?" anasema Saodat kwa sauti ya kusikika mpaka kwa mwoka mikate, ee Mungu, na mabega ya Mohira yakasimama, kasikia, sasa kajua ile halua ilikuwa ya nini, mshale nao umesimama katikati ya viraba, nikasema tu kwa nguvu kuelekea langoni, "Haikunifuta! Niliwekwa wa kwanza, nikaponyoka! Nenda uone masinia, unisimulie!" "Nitakusimulia yote." "Utanisimulia nusu, nusu utatunga." "Na wewe hiyo niliyotunga ndiyo unayoipenda!" na kichwa kikatoka langoni, miguu yake naisikia inakimbia, umri wangu ule unakimbia, na mimi nimekaa. Nimekaa. Posa ya kwa Inoyat inapita ng'ambo ya njia na Hosiyat kakaa. Wakiambiwa watu hawataamini.

Na Mohira hasemi kitu kuhusu kufutwa, anasema tu taratibu, "Imebaki moja mama, wametaka sita tu, sijui nichague ipi kati ya hizi," na kidole changu kimeanza kuingia ganzi, sikihisi tena, nakitazama kukihakikisha kama kipo, kipo, na picha zenyewe ni mbili, moja ni ile shuka ya makomamanga, safi, hata mimi sina la kuitolea kasoro na nimejaribu, na nyingine, astaghfirullah, nyingine ni ile ya viungo, ya vipande vilivyounganishwa, ile ya baridi ya mwaka juzi, mimba yake changa, Bahrom keshaondoka, na sisi wawili tumegombana sijui kwa chumvi sijui kwa kuni, kitambaa tulishakichora tukakifumua vipande virefu kama desturi, kila mwanamke na kipande chake, mimi nikadarizi chumbani kwangu yeye chumbani kwake, hatusemeshani ila kwa kupitia paka, "mwambie bibi chai tayari," "mwambie nimesikia," na mwisho wa baridi tulipoviunganisha, ua la katikati nusu yake kubwa nusu ndogo, nusu nyekundu ya damu ya mzee nusu nyekundu ya kijana, shina halikutani na shina, nililikunja nikaliweka chini ya magodoro asilione mtu, na huyu kalifukua lini kalipiga picha, nasema weka ya makomamanga mwanangu, hiyo nyingine aibu, anasema "Kwa nini aibu?" nasema huoni halikutani, anasema "Ndiyo naona mama. Mtu akiitazama anajua mara moja ni mikono miwili. Hizo nyingine zote ni za mtu mmoja mmoja," na analitazama, mshale unapepea juu yake kama nyuki ambaye hajaamua, na chini pembeni kwa maandishi madogo picha ile ameipa jina, nasoma kwa shida, herufi zangu ni za kale, sina miwani, Sisi. Kaliita Sisi.

Nikainua macho, macho tu, mlango wa chumba cha wageni uko wazi kwa ajili ya upepo na kutoka hapa nilipo nauona mkate wa Bahrom ukutani, kwenye msumari wake, alioung'ata asubuhi aliyoondoka kwenda Urusi kujenga maghorofa ya watu, ng'ata mwanangu, utarudi uumalize, akang'ata upande huku anacheka na chembe zikamwangukia kifuani, na tangu hapo unakaa, mgumu kama tofali, naufuta vumbi kwa kitambaa cha hariri, meno yake yapo palepale, jino la pembeni lililovunjika nalo lipo, na kila nikiutazama huwa nasema umekaa sana, umekaa mno, lakini leo sijui ni huyu nzi au ni hii ganzi, leo nimeona kitu kingine, nimeona uko peke yake. Mkate mmoja. Na sisi hata kwa jirani mbaya hatupeleki mkate mmoja, hupeleka miwili, mkate ni wa jozi, mmoja ni wa nani, ndiyo maana ukuta ule ulikuwa unaninyong'onyeza, nami nikadhani ni majonzi, kumbe ni hesabu tu haijatimia... nitaoka. Leo hii, wakishatuma, nitawasha tanuri mwenyewe, mwenye mgongo mbaya huyu, nitaoka mkate wa ukubwa uleule, niuchape muhuri uleule wa katikati, niuweke, na hao wa Bukhara wakisema njoo, na watasema, Mohira ataung'ata upande, na Oysha ana meno mawili ya chini, mawili yanatosha kwa mkate, nao nitautundika palepale, msumari wa pili nilishauona kwenye kopo la Bahrom, na ukuta utakuwa na jozi, na mtu akiingia atajua hii ni nyumba ya wasafiri, si nyumba ya walioachwa. Na Bukhara siyo Urusi, basi linaondoka asubuhi linafika mchana, nani kasema mama mkwe hana miguu, nitakwenda siku moja na kapu la zabibu kavu, nitaingia humo kwenye nyumba ya ufundi, nitaona vyungu vyao na mazulia yao na yule mwenye sauti ya puani ana sura gani, Mungu wangu, habari nitakazorudi nazo! Saodat atajaziwa kibakuli hadi ukingoni na bado hataondoka.

Na tazama hizo picha, nimekuwa nikizitazama muda wote huu sikuziona, nilidhani zimeshikana kwa kuwa zimekaa jirani, wala, pazia liko juu pembeni, kofia iko chini kabisa, susu iko katikati ya picha za mbuzi wa watu na picha yangu ile ya mdomo wazi ambayo haikuguswa, imebaki nyeupe, alhamdulillahi, zimetawanyika kila moja na mahali pake, na bado zote samawati, hazikuhitaji kusogeleana, zinahitaji tu mtu mmoja mahali fulani asiinue kidole... na Samara, huko Urusi kwa Bahrom, iko huko, na Bukhara iko huko, na mimi niko hapa, kitufe cha chini kabisa, pembeni.

"Mama," anasema Mohira, "umenyamaza. Wewe ukinyamaza kuna jambo." Nasema hakuna jambo, nahesabu unga. Anasema unga wa nini, nasema wa kuoka, hiyo haikuhusu bado. Ng'ambo ya njia Inoyat anacheka kicheko cha masinia, na mtu kapiga dufu la doira, nzi amerudi, sasa yuko kwenye ukucha wa kidole chenyewe, anajisugua mikono kama mshenga aliyemaliza kazi, kivuli kimefika mapajani, adhana bado, na mshale bado unapepea juu ya viraba viwili, haujaamua, na Mohira ananitazama, si kioo, mimi, anasubiri. Nasema, "Hiyo ya viungo."

"Hakika mama?"

"Bonyeza mwanangu. Nimeshika."